Viatu Vilivyopangwa Vizuri

Yaliyompata Chizuru wa chumba namba mia nne na tatu hayakuanza na giza wala ngurumo. Yalianza Jumanne mchana, nguo zikizunguka kwenye mashine, naye amekaa sakafuni akisubiri zimalize. Maghorofa yetu haya ya Amagasaki, jirani na Osaka, huwa kimya saa nane mchana. Watoto wako shule, watu wazima wako kazini, na mvua za mwezi wa sita zilikuwa zimeshaanza.

Ilikuwa siku ya thelathini tangu mwanawe Ryosei afariki. Kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa akiwapelekea watu vyakula kwa baiskeli, lori likampitia kwenye mteremko wa kivuko cha reli. Chungu cha mifupa yake, iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, kilikuwa kwenye meza ndogo chumbani kwake, kimefunikwa kitambaa cheupe, kikingoja siku ya arobaini na tisa. Siku hiyo marehemu humaliza safari na mifupa hupelekwa kaburini. Kabla ya hapo, yuko njiani.

Chizuru hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa na kazi ya kupanga wali na samaki kwenye maboksi ya chakula kuanzia saa kumi alfajiri, na alikuwa na binti wa sekondari wa kumlisha. Lakini jambo moja lilimkaa kooni kama mwiba. Asubuhi ile ya mwisho alimfokea Ryosei kwa ajili ya viatu. Miaka yote mtoto yule alivivua akavitupa hapo mlangoni, kimoja huku, kingine kimelala ubavu, wakati kila mwenye adabu huvigeuza vikaelekea nje.

"Hata paka ana mpangilio kukushinda!" alimwambia.

Ryosei alicheka, akasema, "Naenda, nitarudi," kama wasemavyo wote wanaotoka. Na jibu lake kila mtu analijua: nenda, urudi salama. Chizuru, kwa hasira, hakujibu.

Hakurudi.

Basi siku hiyo ya Jumanne alikuwa anafuta vumbi mashine ya gemu ya mwanawe pale sebuleni, kidole kikagusa kitufe, TV ikawaka. Lilikuwa gemu lile la majambazi. Kwa miaka miwili alikuwa akilisikia tu kupitia ukutani, wanaume wakitukanana na chupa zikipasuka. Humo kijana wa genge amesalitiwa na bosi wake, anazunguka mitaa ya Osaka, anapigana na wahuni, anakula tambi apate nguvu, anamtafuta bosi. Mchezaji ndiye anayempa jina na kumvisha. Ryosei alimpa jina lake mwenyewe, akamvisha koti la rangi ya chungwa kama lile alilokuwa amevaa lori lilipompitia.

Pembeni paliandikwa saa alizocheza: mia mbili kumi na mbili.

Chizuru alishika rimoti ya gemu kama anayeshika kisu cha mtu mwingine. Alimgongesha mwanawe ukutani, akamtumbukiza mferejini, akamsimamisha katikati ya barabara. Mwishowe akafika kwenye chumba alichopanga yule kijana. Mlango ukafunguka. Kijana akavua viatu akavirusha. Kimoja huku. Kingine kikalala ubavu.

"Nimerudi," akasema.

Sauti haikuwa ya Ryosei. Lakini viatu vile!

"Karibu nyumbani," mdomo wa Chizuru ukajibu. Ulishazoea, miaka ishirini na miwili. Na ule mwiba wa kooni ukalegea kidogo.

Kotoha, binti yake, aliporudi saa kumi na moja alimkuta mama yake bado kaduwaa mbele ya TV, nguo zimeanza kuvunda ndani ya mashine.

"Mama! Wewe? Na majambazi?" Aliangua kicheko, cha kwanza tangu msiba. "Unapigana na nani hapo, ukuta?"

"Nyamaza, we mtoto. Kaka yako hata humu anatupa viatu."

"Anatupa wapi? Humu huwa anavipanga. Kila mara. Ndivyo walivyomtengeneza."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Macho ya mtu aliyeamka saa tisa usiku," Kotoha alisema, akaenda kuanika nguo.

Tangu hapo kila siku Chizuru akitoka kazini alikula wima, akawasha mashine ya gemu, akamtembeza mwanawe na kumrudisha nyumbani. Hakutaka kumpata bosi. Hakutaka nguvu. Alitaka kufika mlangoni tu. Viatu vilitupwa, naye alijibu. Alikuwa akilipa jibu moja alilokosa kulitoa, na kila siku aliona bado.

Bi Tatsumi, mzee wa chumba jirani, alimvizia kwenye ngazi siku ya arobaini.

"Mama Ryosei, ukuta wetu ni karatasi," alinong'ona. "Nani anarudi kwako saa nane mchana?"

"Hakuna mtu, Bi mkubwa. Ni TV."

"TV haikaribishwi." Bibi alihamisha mwavuli mkono mwingine. "Aliye njiani mwache aende. Ukimwita mlangoni, hutachagua nani anaingia naye."

Chizuru aliinamisha kichwa kwa heshima, akashukuru, akapanda zake. Moyoni alisema, huyu naye hana wa kumpigia kelele. Alijua vizuri kwamba zimebaki siku tisa. Alijiahidi siku ya mwisho atamwambia mwanawe maneno yale mengine. Nenda, urudi salama. Halafu atazima.

Siku ya arobaini na sita mvua ilinyesha nje, na ndani ya gemu pia ilinyesha.

Alimtembeza Ryosei kupita maduka ya samaki. Nyuma yake akatokea mwanamume mwenye koti la mvua la kijivu. Kichwa kimeinama. Ryosei akisimama, naye anasimama. Akikata kona, anakata. Chizuru hakumjali, maana mitaa ile imejaa wapita njia. Alikuwa na haraka, viazi vilikuwa jikoni. Akamwingiza mwanawe nyumbani moja kwa moja.

Mlango ulifunguka. Ukachelewa kujifunga.

Viatu vikavuliwa. Vikageuzwa taratibu, vikalazwa sambamba, vikaelekea nje.

"Nimerudi."

"Karibu nyumbani," Chizuru alijibu, mkono tayari uko kwenye kifuniko cha sufuria.

Ndipo akatazama viatu. Akasimama pale mpaka viazi vikaungua.

Jioni, mezani, alimuuliza Kotoha habari za mtu wa koti la kijivu. Aliuliza kama anayeuliza bei ya mayai. Vijiti vya kulia vya Kotoha vilisimama hewani.

"Mama. Niambie hukuingia nyumbani."

"Kwani vipi?"

"Huyo ni mtu wa bosi. Hapigiki, hafi. Kaka alikuwa anamzungusha sokoni mpaka wapoteane, hata saa nzima. Ukiingia naye nyuma, ameshajua unapokaa."

"Ni gemu, Kotoha."

"Najua ni gemu."

Lakini hakumalizia chakula chake.

Kesho yake Chizuru alifika nyumbani saa saba. Alifungua mlango, akavua viatu, akainama kuvigeuza. Kando yake palikuwa na jozi nyingine.

Viatu vyeusi vya ngozi, vya mwanamume, urefu wa sentimita ishirini na nane. Ryosei alivaa ishirini na sita. Vilikuwa vimelowa. Vilikuwa vimelazwa sambamba, ncha zake zikielekea nje, kwa adabu ambayo nyumba ile haikuwahi kuiona.

Hakupiga kelele. Alivitia kwenye mfuko wa taka, akashuka ngazi mpaka chini, akaviacha jaani, akapanda tena. Akanawa mikono. Kisha akawasha mashine, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Ryosei alikuwa nje.

Alisimama kwenye mvua mbele ya mlango wa chumba chake, koti la chungwa limemganda mgongoni. Chizuru alibonyeza kitufe cha kufungua.

"Nimerudi," akasema kijana.

Mlango haukufunguka.

Alibonyeza tena. "Nimerudi." Tena. "Nimerudi." Dirishani kulikuwa na taa. Pazia likasogea kidogo, kama mtu wa ndani ametaka kuona nani anasumbua, kisha likatulia.

"Karibu nyumbani," Chizuru alisema. "Karibu, mwanangu. Karibu nyumbani. Ingia!"

Kijana hakusikia. Au alisikia, na mlango haukuwa wake tena. Jibu lilikuwa limeshatolewa jana, na limeshachukuliwa.

Akakumbuka yale maneno mengine. Akasogea mpaka pumzi yake ikapiga kioo. "Basi nenda," alimwambia. "Nenda, urudi salama."

Kijana hakuondoka. Alikuwa akitazama mlango tu. Angeenda wapi, na bado hajafika?

Chizuru alikaa hapo, kitufe chini ya kidole. Nimerudi. Nimerudi. Hakujua muda umekwenda kiasi gani mpaka aliposikia ufunguo. Mlango wa kweli ulifunguka. Mwavuli ukakung'utwa.

"Nimerudi!" Kotoha aliita.

Chizuru alifumbua mdomo.

Kabla hajatoa neno, kutoka chumba cha Ryosei, pale penye chungu cha mifupa, sauti ya mwanamume ikajibu. Sauti ya upole. Sauti ya mtu aliye kwake.

"Karibu nyumbani."

Kotoha alitabasamu kwanza. Hilo ndilo Chizuru hawezi kulisahau. Kwa pumzi moja yule mtoto alitabasamu, akidhani ni kaka yake. Kisha akamwona mama yake sakafuni, peke yake, na uso wake ukabadilika. Macho yake yakashuka pale vinapovuliwa viatu.

"Mama," alinong'ona, "hivi vyeusi ni vya nani?"

Walitoka bila mwavuli. Chizuru alirudi ndani mara moja tu. Aliing'oa mashine ya gemu ukutani, akachukua chungu cha mifupa. Mlango wa chumba aliukuta umeegeshwa, ingawa yeye huufunga siku zote. Godoro la Ryosei, lililokuwa limekunjwa tangu msiba, lilikuwa limetandikwa. Hakutazama zaidi. Alipopita pale mlangoni aliruka vile viatu kama mtu anayeruka nyoka.

Siku ya arobaini na tisa walizika. Mtawa wa hekalu alisoma alichosoma, kisha akaliweka jiwe la kaburi mahali pake.

"Sasa amefika," alimwambia Chizuru kwa huruma.

Chizuru aliinama mpaka kiunoni. Yeye ndiye pekee pale makaburini aliyejua kwamba hajafika popote.

Walihamia mji wa Nara, chumba kimoja juu ya duka la dobi. Huko hawaagani wala hawasalimiani mlangoni. Kotoha huingia kimya kama mwizi, na mama yake hujua amerudi akisikia bomba la maji. Hapa kwetu, mia nne na tatu haijapata mpangaji. Sisi wa ghorofa ya nne tukipita na mifuko yetu ya sokoni hufunga midomo mpaka tuwe ndani kabisa. Wageni hutuona hatuna adabu.

Ilipofika kumbukumbu ya mwaka, Kotoha alitaka picha za kaka yake, na nyingine zilikuwa ndani ya ile mashine. Ilikuwa kabatini tangu siku ile, ndani ya boksi lililopigwa gundi, haijagusa umeme. Mama yake alimwambia aiache. Kisha hakumzuia.

TV ikawaka. Kabla ya picha ikaja orodha ya kumbukumbu za gemu, yaani pale mchezaji alipoishia. Ilikuwa moja tu. Siku alipoing'oa ukutani Chizuru aliona saa mia mbili arobaini na moja. Sasa zilikuwa elfu saba mia nane tisini na saba. Kotoha alichukua simu akapiga hesabu. Tangu ilipong'olewa, siku mia tatu kumi na tisa, mchana na usiku, hakuna hata saa moja iliyopungua.

Mahali alipo paliandikwa: mbele ya mlango wa nyumbani.

Kando yake kulikuwa na picha ndogo, ukubwa wa stempu. Chizuru alivaa miwani, akasogea. Mvua. Mlango uliofungwa, taa dirishani. Kijana wa koti la chungwa amekaa chini, ameegemea mlango, miguu mitupu.

Pembeni yake viatu vyake. Kimoja huku. Kingine kimelala ubavu.