Kalkuleta ya Baba Dirishani

Ndugu zangu, katika ndege ile walikuwemo watoto wachanga waliolia kwa zamu, mlevi mmoja, na bwana aliyehangaika kufungua choo kwa kusukuma ukuta. Bado mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkapoteza muda kumtafuta mwingine.

Mimi ni fundi wa redio na vitu vingine vya umeme ambavyo wenye akili wameshavitupa. Baba yangu alikuwa mpima barabara. Nilipokuwa mdogo, jioni tukishakula, mama alifuta meza, baba akatandaza ramani zake na kutoa kalkuleta ya kazini: nzito kama tofali dogo, vitufe vyake vikilia tk, tk, tarakimu zake nyekundu ziking'aa kama makaa. Akimaliza hesabu ndefu alikuwa akiniita, "Fundi, njoo ubonyeze ya mwisho." Nilibonyeza alama ya sawasawa, jibu likatokea, naye akashangaa kana kwamba nimelipata mimi. Nyumba ilinukia sabuni na wino. Mpaka leo nikiona taa ndogo nyekundu gizani, moyo hurudi pale mezani.

Miaka ikaenda. Mama akatutoka, baba akahamia kwangu, na macho yake yakaingiwa na presha. Daktari hakutuzungusha. "Kilichobaki kinapungua," alisema, "na kikishapungua hakirudi." Jicho moja lilikuwa limezimika. La pili liliona kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Dada yangu, anayeishi ng'ambo ya milima, akaomba baba akakae kwake kwa muda. Ikaamuliwa tutakwenda kwa ndege. Baba kusikia hivyo, akakaa wima.

"Itapita juu ya barabara yangu?"

Barabara yake ni ile inayopanda mlima kwa kona nyingi. Aliipima kwa miguu akiwa kijana, akilala kwenye hema. Ameshaipita kwa gari mara nyingi, ila kuiona kutoka juu, ikiwa nzima, alikuwa hajawahi, labda kwenye karatasi.

"Nitafutieni kiti cha dirishani," akasema. "Niione mara moja tu, basi."

Sasa mimi, pale baba alipoomba kiti, nikasikia kazi ya ufundi. Nikaitoa ile kalkuleta kabatini, nikaipasua tumbo, nikabakiza vitufe na tarakimu, nikaipandikiza kipokezi cha setilaiti, nyaya zake zikining'inia nje. Kitufe kimoja kilikuambia uko wapi duniani, kingine kasi yako, na kingine umbali uliobaki mpaka kona ya kwanza ya barabara ya baba. Kazi ile ilinila hasa. Baba akishinda sebuleni na redio, mimi nashinda karakana namwandalia raha.

"Baba watoto," mke wangu alikuja mlangoni, "mzee anauliza kama utakunywa naye chai."

"Mwambie nakuja."

Chai ile walikunywa nzi.

Siku ya safari baba alikaa dirishani, mimi katikati, mke wangu kwenye njia. Tulipokwisha kupaa nikaiwasha kalkuleta. Sifuri tupu! Ndani ya ndege kipokezi hakinasi setilaiti mpaka kiwe kwenye kioo cha dirisha.

"Baba, tubadilishane kidogo tu. Nikishazinasa setilaiti nakurudishia kiti chako."

Mzee akanyanyuka taratibu, mkono ukipapasa migongo ya viti. Nikaibandika kalkuleta kiooni. Tarakimu nyekundu zikawaka, na mimi nikawaka nazo.

Mhudumu akanisimamia. "Kaka, hiyo ni nini?"

"Kalkuleta."

"Mbona ina mipira kama mgonjwa?"

"Inapokea tu, dada, haitumi kitu."

Akaenda mbele kwa rubani, akarudi. "Amesema sawa, ila tukianza kushuka uizime. Na anauliza, kujumlisha bado inajumlisha?"

Abiria wakacheka, wawili watatu wakasimama kuchungulia. Basi nikapata darasa! Nikaeleza setilaiti, nikaeleza kasi, nikaeleza nilivyotafuta nyaya.

"Tumefika?" baba akauliza.

"Bado, baba. Nitakuambia."

Akauliza tena.

"Kalkuleta itasema, baba."

Mke wangu akanifinya. Nikadhani ananipongeza. Hapo ndege ikainama, setilaiti zikapotea, nami nikaziba dirisha lote kwa kichwa na mabega nikizitafuta. Zikarudi. Umbali ukapungua, ukapungua, ukaisha.

"Sasa!" nikapiga kelele. "Baba, kona yako ya kwanza hii hapa!" Nikageuka, nikamwonyesha tarakimu.

Tarakimu, ndugu zangu.

"We! Mpishe mzee!" mke wangu akafoka.

Nikavuta mkanda, ukagoma. Ulipoachia, baba akajikwaa kwenye magoti yangu, nikamshika, tukapishana kama watu wanaobeba kabati. Alipofika kiooni akaegemeza paji la uso.

"Iko wapi?"

Chini kulikuwa na wingu jeupe, limetanda kote. Hata mimi sikuwa nimeiona.

"Ilikuwa wazi kabisa, mzee," akasema mama wa kiti cha mbele, bila ubaya. "Imeuzunguka mlima kama utepe."

Baba akaisogelea sauti ile. "Na kona za juu, zilionekana?"

"Zote."

"Nisimulie, mama."

Yule mgeni akamsimulia baba yangu barabara yake, polepole, huku mimi nimeshika mkononi chombo kilichojua kila kitu.

FUNZO

Mzazi akikuomba kitu, mpe alichoomba, usimpe unachopenda wewe kukitengeneza. Mimi nilimkumbatia baba wa zamani, wa pale mezani, na huyu wa leo nikamkalia kiti chake. Na nyie msinicheke sana. Nimewaona kwenye harusi za watoto wenu mmeinua simu juu, mnaitazama harusi kwenye kioo kama ya jirani. Nimewaona hata wodini. Vitu vya kutunza kumbukumbu ni vizuri, lakini mtu akiwa bado yupo, mtazame yeye kwanza.

Msidhani nililielewa hilo palepale. Nilibisha mpaka uwanjani, begi la baba begani. Nikamwambia nia yangu ilikuwa njema, kalkuleta haikukosea hata kidogo, na ndege ziko kila siku.

"Tutarudi kwa njia hiyohiyo, baba. Barabara haiendi popote."

Akasimama katikati ya watu, akautafuta mkono wangu mpaka akaupata.

"Barabara haiendi, mwanangu. Yanayokwenda ni macho."