Jina la Mkanyagaji

Maiti ilikuwa bado imefungwa mkanda. Gari lilikuwa limejibamiza ukutani kwenye kona ya tatu ya uwanja wa mbio, na lami nyuma yake haikuwa na alama hata moja ya matairi. Inspekta aliinama, akaibonyeza pedali ya breki kwa mkono. Ikazama mpaka chini.

Marehemu alikuwa mwalimu wa hesabu. Mara moja kwa mwezi, yeye na wenzake wasio madereva wa mashindano walikuja kukimbiza magari yao kwa kujifurahisha. Gari lilitunzwa na shemeji yake, fundi, kaka wa mkewe.

Ratiba ilikuwa ukutani mwa gereji: kabla ya kila siku ya mbio, mafuta ya breki yabadilishwe, hewa itolewe. Ni kazi ya wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini ya gari anafungua na kufunga nati. Mstari wa Alhamisi ulisema kazi imefanyika. Mkanyagaji: jina la mjane.

"Sikufika gereji Alhamisi," mjane alisema.

"Jina lako hili hapa."

"Sikufika, afande."

"Kwa hiyo kaka yako ni mwongo?"

Asubuhi nzima Inspekta alimkalia kooni mwanamke aliyefiwa jana, na alipolia, akayahesabu machozi yake kuwa ushahidi.

Saa nane ripoti ya maabara ikaja. Mafuta yalikuwa meusi, yameingia maji, yakachemka kwa joto la breki. Nati zote nne zilikuwa zimeshika kutu. Spana haikuwa imezigusa kwa miezi. Hakuna aliyekanyaga, kwa kuwa hakuna aliyefungua. Inspekta aliona haya. Alimwomba mjane radhi, kisha akamwita fundi, akamketisha mbele ya dada yake.

"Alhamisi nani alikukanyagia?"

"Ratiba inasema..."

"Nakuuliza wewe, bwana."

Fundi akatazama sakafu. "Hakuna mtu. Sikubadilisha. Mara tatu mfululizo sikubadilisha."

"Kwa nini?"

"Siku zote alinikanyagia dada. Halafu kwenye mahafali ya binti yake nililewa, nikamtukana mbele ya wageni. Nikawa nashika simu nimpigie, naona aibu, naiweka. Langoni mwa uwanja wanataka nakala ya ratiba yenye majina mawili. Nikaandika lake, kama kawaida."

"Si ungemwomba shemeji yako?"

"Alikuwepo siku ile, alisikia kila neno. Na bado akaniletea gari lake. Ningemtazama na uso gani? Nikawa nalikabidhi tu, natazama pembeni. Yeye nakala hakuisoma. Aliniamini."

Mjane alikuwa ameyakausha macho.

"Ungeniita," alisema.

"Dada, nilikutukana."

"Ningekuja nimenuna. Ningekukanyagia, nisikusemeze, nikaenda zangu. Lakini ningekuja."