Gramu Sabini za Bakuli

Mama Pacha hakuwahi kupima chakula tangu alipoanza kupika. Mchele aliujua kwa kiganja, chumvi kwa ncha za vidole, maji kwa jicho. Pacha wake walikua kwa mkono huo, wakaenda kuanza maisha yao. Nyumbani wakabaki wawili: yeye na mumewe, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi.

Chumba cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba. Kila mchana Mama Pacha alisogeza vitambaa pembeni, akaweka chakula juu ya meza ya kukatia, wakala na kuzungumza.

Kisha Fundi akapatikana na ugonjwa wa kisukari. Kliniki walimpa vidonge, na mtaalamu wa lishe akawaandikia karatasi. Hakumkataza wali. Aliandika kwamba kila mlo ale gramu 150 za wali uliokwisha kupikwa, pamoja na maharage na mboga za majani.

Mwezi wa kwanza Mama Pacha alikadiria kwa jicho, kama alivyozoea. Waliporudi kliniki, sukari ilikuwa bado juu. Alijilaumu njia nzima. Kesho yake akanunua mizani kuukuu ya mshale. Akaweka bakuli la plastiki juu yake, akapakua wali mpaka mshale ukagusa 150. Hapo akaacha. Ikawa hivyo kila siku, mchana na jioni.

Siku zikapita, Fundi akaanza kubadilika. Alikuwa mtu wa utani, sasa alinuna. Alichoka kabla ya jua kuwa kali. Mchana mmoja alilitazama bakuli, akasema, "Mke wangu, hata kuku huachiwa cha kudonoa."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pacha. "Nafuata karatasi," alijibu. "Nataka uishi uzeeke, Fundi." Tangu siku hiyo alisimama kando akimtazama anavyokula, asije akaongeza. Mazungumzo ya mezani yakafa.

Wiki mbili tangu mizani iingie nyumbani, Fundi alikuwa akikata suruali ya mteja. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka. Mkasi ukateleza, ukachana kitambaa mahali pasipofaa. Akakaa chini, rangi imemtoka.

Wakati huo jirani yao, mwanamke mwokaji wa mikate, alikuwa mlangoni. Alikuja kuchukua aproni zake. Kazini alikuwa na mwenzake mwenye kisukari, na dalili zile alizijua. Alimwambia Mama Pacha alete haraka maji yenye sukari. Fundi akanywa. Haikuchukua muda mrefu, mikono ikatulia.

"Leo hii mwende kliniki," Mwokaji alisema. "Mimi naujua unga, sijui udaktari."

Walikwenda. Muuguzi alieleza kwamba sukari ilikuwa imeshuka mno. Mtu anayetumia vidonge vile akila kidogo kuliko alivyoandikiwa, hayo humpata. Mama Pacha aliapa kwamba alipima gramu 150 bila kukosa. Muuguzi hakubishana naye. Aliwaomba wakaangalie vizuri jinsi wanavyopima.

Waliporudi, Mwokaji aliomba aonyeshwe. Mama Pacha akaweka bakuli juu ya mizani, akachukua upawa.

"Ngoja kwanza," Mwokaji akamzuia. "Bado hujapakua, na mshale umeshapanda."

Wote watatu waliinama. Bakuli lilikuwa tupu, lakini mshale ulisimama karibu na 70. Maana yake Fundi alikuwa akipata gramu 80 tu za wali, karibu nusu ya haki yake.

Mama Pacha alikaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa upande wa khanga. Wiki mbili alikuwa amemshindisha mumewe na njaa kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi ndiye aliyecheka kwanza. "Kumbe nimekuwa nikila bakuli. Ndiyo maana lilikuwa gumu kunishibisha." Kisha akamshika mkewe bega, akamwambia kwamba mtu anayemnyima mwenzake kwa mapenzi hana kesi ya kujibu. Mama Pacha akacheka huku machozi yakimtoka.

Kesho yake wanawake wale wawili walikwenda dukani kutafuta mizani ya kidijitali. Mama Pacha aliipenda moja ya kioo, nyekundu, yenye vitufe vingi. Mwokaji akamwambia asichague mizani kama anayechagua kiatu cha harusi. Aangalie kama inaonyesha gramu moja moja. Aangalie kama inabeba kilo tano, ili hata bakuli kubwa lisiizidi. Sahani isifunike namba. Betri zake ziwe zile zinazopatikana dukani kwa urahisi.

Kisha wakaijaribu. Waliweka pakiti ya chumvi ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa. Ile nyekundu ikaonyesha 540, na walipoirudia ikaonyesha 522. Wakaiacha. Nyingine, ya kijivu, ikaonyesha 503 mara tatu mfululizo. Gramu tatu zile zilikuwa za karatasi ya pakiti. Hiyo ndiyo waliyonunua.

Nyumbani Mwokaji aliiweka juu ya meza ngumu iliyonyooka, si juu ya kitambaa. Aliiwasha, akahakikisha kioo kinaonyesha herufi g, yaani gramu. Akaweka bakuli tupu. Ikasoma 70. Akabonyeza kitufe cha sifuri, na namba ikarudi 0.

"Sasa imelisahau bakuli," alisema. "Kitakachoingia hapa ni chakula peke yake."

Mama Pacha akapakua mpaka 150. Alishangaa kuona bakuli lilivyojaa. Akauliza kama angeweza kupima mchele mbichi, amalize mapema. Mwokaji akakataa. Mchele hunywa maji, ukiiva huwa mzito mara mbili au tatu. Karatasi imesema uliopikwa, basi upimwe uliopikwa. Mwisho akamwonya asiweke sufuria ya moto juu ya mizani wala asiioshe kwa maji. Aipanguse tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Fundi alirudi kwenye kazi yake na utani wake. Alimshonea yule mteja suruali nyingine kwa kitambaa kipya. Walipokwenda tena kliniki, sukari yake ilikuwa imetulia, wala haikuwa imeshuka tena. Mtaalamu wa lishe aliuliza wamefanyaje. Mama Pacha alimweleza yote, hata kosa lake, bila kuona haya.

Mchana huo Fundi alipima wali wake mwenyewe. Mama Pacha akapakua wake, akavuta kigoda, akakaa. Hakulitazama bakuli la mumewe hata mara moja. Walikuwa na mengi ya kuzungumza.