Aliyemgeuza Bibi Mshonaji

Jioni ile wodini walikuwepo hawa. Sista Mkuu, msimamizi wa wodi, mwanamke asiyepandisha sauti hata akikasirika. Muuguzi wa zamu aliyeitwa Mdomo, na jina hilo hakulikataa. Bibi Mshonaji, mgonjwa wa kitanda cha dirishani, aliyeshona sare za shule maisha yake yote mpaka kiharusi kilipomlaza. Binti yake, aliyekuja kila jioni na chupa ya uji. Na muuguzi mpya, aliyebandikwa jina la Mgeni siku aliyoripoti kazini, likamganda. Alikuwepo na mwingine, ambaye hakuonekana akiingia.

Sista alifungua pazia ili wakabidhiane zamu. Bibi alikuwa amelazwa ubavu wa kushoto, mto mmoja mgongoni, mwingine kati ya magoti, shuka limenyooka kama limetoka kwenye pasi. Sista alimwita Mdomo aje aone mgonjwa anavyogeuzwa. Kisha akanusa, akauliza nani kaacha kitambaa kibichi. Ilikuwa harufu ya udongo uliofunikwa muda mrefu.

Mgeni alitazama sakafu. Alikuwa amesema, "Tayari, Sista, nimeshamgeuza." Hakuwa amemgusa.

Mgonjwa asiyejiweza asipogeuzwa, ngozi inachubuka, inaoza, na kidonda hicho kinaweza kumwua. Mgeni alilijua hilo. Kwenye mtihani alilijibu vizuri. Lakini bibi alikuwa mzito, na kazi ile hufanywa na watu wawili. Mara ya kwanza alijaribu peke yake, bibi akateleza nusura aanguke, ikabidi aombe msaada. Mdomo alikuja akasaidia, ila aliuliza mbele ya jamaa za wagonjwa, "Mwenzetu, ulisomea uuguzi au ulisomea kuvaa sare?" Wodi nzima ilicheka. Hata bibi alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Ulikuwa mzaha wa kazini, wa kusahaulika kabla ya chai. Mgeni aliubeba mpaka nyumbani, akalala nao.

Tangu hapo hakumwomba mtu. Alivuta pazia, akasimama humo ndani kwa muda wa kuaminika, akatoka na kusema tayari. Alijiahidi kwamba kesho atamgeuza kweli.

Sasa akaona kwamba kila akisema tayari, kazi inakuwa imefanyika. Aliogopa, lakini zaidi ya kuogopa alipumua, na kupumua huko ndiko kulikomtia aibu baadaye. Akaacha hata kuingia nyuma ya pazia. Bibi alimwuliza, kwa ulimi mzito, kwa nini mikono yake siku hizi ni ya baridi. Mgeni alimjibu kwamba ni maji ya kunawia.

Siku moja, jua likizama, alikuwa kwenye meza ya dawa huku pazia likiwa nyuma yake, akasikia kitanda kikilia, kwanza kidogo, kama mtu anayejaribu uzito, kisha shuka likivutwa taratibu, na ile harufu ya udongo ikaja mpaka miguuni pake, ikapanda, ikamwingia puani, na nyuma ya pazia sauti ikasema kwa upole maneno yale yale aliyofundishwa chuoni, samahani bibi, nakugeuza kidogo, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, yenye kigugumizi chake kidogo mwanzoni, naye akabaki amesimama na kikombe cha vidonge mkononi, hageuki, hakimbii, akisikiliza bibi akilia kwa pumzi kama mtoto aliyechoka kulia.

Binti ndiye aliyeona alama. Alipomfuta mama yake jasho, akakuta nyonga ina michubuko ya vidole, virefu mno, vimezunguka paja mpaka upande wa pili. Na uso wa mama ulikuwa umezamishwa kwenye mto. Alimwuliza nani amemfanyia hivi. Bibi alimtazama Mgeni.

Binti hakupiga kelele. Alikwenda kumleta mjomba wake, kaka yake bibi, ambaye alikuwa mganga. Sista alimruhusu aingie kama ndugu mwingine yeyote. Mzee hakuwa na mkoba wala dawa. Aliweka kiganja kwenye godoro, akakiondoa upesi. Kisha akawaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba humo mna jini, na kwamba jini huyo hana ugomvi na bibi. Amepewa kazi. Mtu amesema imefanyika ilhali haijafanyika, na yeye ameikuta wazi, ameingia kuifanya, naye hajui kupima. Ataendelea kugeuza mpaka mgonjwa aishe mikononi mwake.

"Anatokaje, mjomba?" binti aliuliza.

"Aliyempa kazi aichukue. Kwa mdomo wake, mbele ya hao aliowadanganya." Akamgeukia Mgeni. "Mwanangu, sitaki kukuaibisha. Ni neno moja tu. Sema hukumgeuza."

Mgeni alimwona Sista, aliyemsifu. Alimwona binti na chupa yake ya uji. Alimwona Mdomo ameegemea ukuta, amekunja mikono.

"Nilimgeuza mwenyewe," alisema. "Kila mara."

Nyuma ya pazia kitanda kililia.

Mzee alimtazama kwa huruma, na hilo lilikuwa baya kuliko kofi. Akasema basi yeye hana la kufanya. Binti alitaka kubaki, lakini muda wa kutazama wagonjwa ulikuwa umekwisha, akamsindikiza mjomba wake nje. Sista akaitwa wodi ya jirani.

Mgeni alikaa mezani. Kitanda kililia tena, na tena, kila mara kwa haraka zaidi, kama cherehani inayopata kasi. Mwishowe aliinuka, akaenda mpaka alipokuwa Mdomo.

"Sijawahi kumgeuza bibi," alisema. "Siwezi peke yangu. Nisaidie, dada."

Mdomo hakucheka. Alikuwa ameshaanza kutembea, huku akivaa glavu.

"Si ungesema tu," alisema. "Na mimi siwezi peke yangu. Hakuna anayeweza."

Walipofungua pazia, Bibi Mshonaji alikuwa amekufa.