Pikipiki ya Dizeli Iliondoka na Maji Yangu

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu ni miaka thelathini na mitatu, na ninaishi upande wa Sigowet. Nimeolewa... au niliolewa, hata sijui niandike lipi. Wasomaji wenzangu, mtaamua wenyewe mkifika mwisho.

Haya yalinipata mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Nitayaeleza polepole kwa sababu yana mambo ya mitambo ndani yake, na sitaki mtu aachwe nyuma. Usiogope. Hata mimi niliyajifunza hivyo hivyo, mikono ikiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi katika shamba la maua mbali na hapa. Alipoacha kazi alipewa injini ndogo ya dizeli pamoja na pampu yake ya maji. Akaniletea mimi. Si mume wangu... mimi! Alisema mbele ya watu wote waliokuwa nyumbani kwamba hiyo ni ya dada yake, aache kubeba maji kwa mgongo.

Nilikuwa na kitalu cha miche ya chai. Kina mama wenzangu wa huku, mnajua mambo yalivyo. Tunachuna majani sisi, lakini kwenye kituo cha majani jina linaloitwa ni la baba wa nyumba. Miche ile ilikuwa yangu. Ningeipanda kwenye kipande alichonionyesha mama mkwe wangu, ningekuwa na chai yangu mwenyewe. Lakini mche mchanga hauvumilii jua la Januari. Ukikosa maji, unanyauka ukiwa unauangalia. Na kitalu kilikuwa juu karibu na nyumba, mto uko chini kabisa bondeni!

Injini ikaniokoa. Kaka alinifundisha kuitumia. Injini ya petroli ina plagi ya kutoa cheche, lakini ya dizeli haina. Yenyewe inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa inakuwa moto sana, kisha dizeli inanyunyizwa humo ndani na kuwaka. Ndiyo maana kuiwasha kwa hendeli ni kazi, unashindana na hewa iliyobanwa. Lakini ikishaamka inafanya kazi siku nzima kwa mafuta kidogo tu. Nilijifunza hata kusikiliza sauti yake. Ikizunguka bure ina mlio mwepesi. Ikivuta maji kupanda mlima, mlio unakuwa mzito, kama mtu anayepumua akiwa na mzigo.

Mume wangu, Baba Chebet, alikuwa na pikipiki kuukuu. Injini yake ilikuwa imekufa na spea hazipatikani. Ilikaa bandani, kuku wakitaga juu ya kiti chake. Siku moja nikamwona anaipima injini yangu kwa kamba... Nikamwuliza anapima nini. Akacheka tu.

Baadaye alinibembeleza. Alisema dizeli ni rahisi kupata, na injini ile hainywi sana. Angebeba maziwa na abiria, na zaidi ya yote, angeniletea maji kwa mitungi kila asubuhi kutoka mtoni. Kwani haja ya pampu itakuwa nini tena? Nilikataa. Akarudia. Nikakataa. Akaacha kula ugali wangu! Mwishowe nikakubali, kwa sababu nilitaka amani nyumbani.

Fundi wa kuchomelea akaja kutoka Sosiot. Walikata fremu, wakaongeza vyuma, wakaweka injini yangu katikati na kuiunganisha kwa mnyororo na gia boksi ya zamani. Siku ya kuijaribu majirani walijaa uani. Baba Chebet akapanda, akaweka gia, akaachilia klachi... pikipiki ikarudi nyuma! Ikampeleka mpaka ndani ya nyasi za nepia za ng'ombe! Injini ile ilikuwa inazunguka upande usiofaa, kwa hivyo kila gia ilikuwa ya kurudi nyuma. Tulicheka mpaka tukalia. Ilibidi waifungue yote na kuigeuza injini.

Ilipoanza kwenda mbele, nilimwuliza fundi kama siku nikihitaji pampu tunaweza kuiunganisha tena. Akapangusa mikono akacheka.

"Mama Chebet, injini ikishaolewa na gia boksi haiachiki!"

Mume wangu akaongeza kwamba pampu yenyewe imeoza ndani, ameipeleka Sosiot ikaangaliwe. Niliamini. Kwa nini nisiamini? Ni mume wangu!

Siku za kwanza alileta maji kweli. Mitungi ilifungwa kila upande, naye akipanda kilima akiimba. Kisha mitungi ikapungua. Kisha akaanza kusema kwamba ile mitetemo inapasua fremu, haiwezi kubeba uzito. Kisha akawa anatoka asubuhi na kurudi giza likiingia, bila tone la maji.

Nikarudi kubeba maji kwa mgongo. Jua lilikuwa kali mwaka ule. Nilikuwa nikifika juu, nanyunyizia mstari mmoja, nageuka kuteremka tena, na mstari wa kwanza umeshakauka. Wasomaji, mmewahi kufanya kazi ambayo inafutwa nyuma yenu mkiendelea kuifanya?

Pikipiki yenyewe ilipiga kelele ajabu. Watu waliipa jina, wakaiita Kisiagi, kwa sababu ukiisikia unadhani ni kisiagi cha mahindi kimeota magurudumu. Wanawake tuliochuna nao walianza kunitania.

"Mama Chebet, Kisiagi kimevuka bonde!" alisema mmoja, jirani yangu Mama Kiptoo.

"Kinaenda kwa kazi," nikajibu.

"Eeh, kazi. Leo kinasagia nani unga?"

Wakacheka wote, vikapu vikitikisika mgongoni. Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kawaida wa shambani! Kumbe wao walishajua, kila mmoja wao, na hakuna aliyenivuta kando kuniambia.

Siku moja nilikuwa kwenye kitalu, upepo ukatulia. Nikasikia Kisiagi ng'ambo ya bonde, upande wa Kiptere. Hakikuwa kinatembea. Kilikuwa kimesimama mahali pamoja. Nilifikiri labda ameacha injini ikizunguka kwa sababu kuiwasha ni taabu. Lakini nikasikiliza vizuri... Mlio ulikuwa mzito. Ulikuwa mlio wa kupanda mlima, na pikipiki imesimama!

Nilijua sauti ile. Injini yangu ilikuwa inavuta maji.

Niliweka mtungi chini, nikavuka mto na viatu vyangu, nikapanda kwa kufuata sauti. Sikuuliza mtu njia. Nilifika kwenye boma lenye nyumba mpya ya mabati, na chini yake, karibu na kijito, pikipiki ilikuwa imesimamishwa kwa stendi. Belti ilitoka kwenye injini yangu mpaka kwenye pampu yangu. Pampu niliyoambiwa imeoza! Paipu ilipanda mpaka kwenye bustani ya kabeji, kijani kibichi, na maji yalikuwa yakimwagika... yanamwagika tu, mpaka njiani yanapotea bure.

Wasomaji, kulikuwa na mwanamke pale. Naye alikuwa na mimba. Lakini nitawaambia ukweli, macho yangu hayakumtazama yeye. Yalitazama maji.

Nilivuta kishikio cha kuzimia. Kimya kikaanguka.

"Nani amezima?" Baba Chebet alipiga kelele kutoka juu kwenye kabeji. Aliponiona alisimama na ncha ya paipu mkononi.

Yule mwanamke ndiye aliyezungumza kwanza. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Wewe ndiye yule mke wake aliyerudi kwao?"

"Niliyerudi kwetu lini?"

"Yeye aliniambia ulirudi. Na hii injini ni ya marehemu baba yake."

Tuligeuka sote wawili kumtazama. Nilitegemea ataona aibu. Nilitegemea atalia, ataomba msamaha, ataanza hata kudanganya! Hakufanya lolote. Aliteremka, akashika hendeli, akaizungusha, akaiwasha injini yangu mbele ya macho yangu. Maji yakaanza tena kupanda.

Hapo ndipo nilipoachwa, wasomaji. Mengine yalikuwa maneno tu.

Wazee wa ukoo walikaa. Kaka yangu alikuja, akaeleza jinsi alivyonipa injini. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakasema kwamba kitu cha mke ni cha nyumba, na kwamba injini sasa ni kiungo cha pikipiki, ukiitoa umeua pikipiki ya mtu. Kaka aliondoka bila kunywa chai. Miche yangu ilikufa yote. Niliing'oa mmoja mmoja, nikatoa udongo kwenye karatasi za nailoni ilimopandwa, nikazikunja karatasi.

Mama mkwe ndiye aliyekuja kwangu peke yake. Hakumtetea mwanawe. Alinishika mkono akanipeleka chini kabisa mtoni, akanionyesha ukanda mwembamba pale palipokuwa pa kulishia ndama, akasema nianze hapo. Nimeanza. Kitalu ni kidogo, lakini maji yako hatua chache, na kopo linatosha.

Dada zangu, na ndugu zangu pia, kupendana na kusaidiana ni kuzuri, msije mkaacha kwa sababu yangu. Lakini kama una kitu kinachobeba kazi yako, iwe cherehani au ng'ombe au injini, na mtu anataka kukiunganisha na chake, muulize kabla chuma cha kwanza hakijachomelewa, na mashahidi wakisikia: siku nikikihitaji, kitatokaje? Akikasirika kwa swali hilo, basi ameshakujibu. Chukua kitu chako uende nacho.

Na wewe jirani unayejua na kucheka... tafadhali, mvute mwenzako kando umwambie leo. Labda miche yake bado haijanyauka.