Waya Ulioitwa Usiku Kucha

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta jirani yangu, mtu tuliyetenganishwa na ukuta mmoja tu, akipiga chafya kwake mimi huku kwangu namwambia pole. Mtaa mzima tulimwita Masikio. Si kwamba yalikuwa makubwa, yalikuwa masikio ya kawaida kabisa. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa anatafuta vitu vilivyofukiwa ardhini, nyaya za umeme, mabomba ya maji, nyaya za simu, ili wachimbaji wasije wakavigonga wakapoteza maji ya watu au roho zao wenyewe.

Vyombo vyake vilikuwa viwili. Kulikuwa na sanduku dogo la njano, ambalo hubanwa kwenye ncha ya waya na kupeleka mlio ndani yake. Wenyewe kazini husema wanauita waya. Halafu kulikuwa na fimbo ya kushika mkononi. Ukiipitisha juu ya ardhi, pale ulipopita waya fimbo inalia, na kioo chake kidogo kinaonyesha umefukiwa kina gani. Masikio alikuwa anapiga mshale wa rangi nyekundu hapo juu, mshale wenye mkia uliopinda, kwa sababu kidole chake cha shahada kiliwahi kuvunjika na hakikunyooka tena.

Mchimbaji wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake. Huyu tulimwita Sululu, na sululu yenyewe aliishika tangu ndevu hazijaota. Mambo ya mita na sentimita hayakumwingia kichwani, basi Masikio alikuwa anamwandikia kina cha waya kwa mwili wake mwenyewe: shingo, kifua, kiuno, goti. Sululu akiona neno, anajua achimbe hadi wapi.

"Shemeji ana masikio bwana," Sululu alikuwa anapenda kutuambia. "Anasikia hata sukari ikiyeyuka kwenye chai ya jirani."

Utani ulikuwepo, lakini wasiwasi nao ulikuwepo. Miaka ya nyuma, akifanya kazi na watu wengine, Sululu aliwahi kugonga waya wenye umeme. Mkono wa kushoto ulibaki na kovu la kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Wazazi walishatangulia, ndugu wengine hakuna, na dada yake alilia siku ile kama mtu aliyekwisha kufiwa. Tangu hapo akamkabidhi kwa mumewe. Kila asubuhi akiwafungulia mlango alisema maneno yale yale: "Mume wangu, huyo ndiye niliyebaki naye. Nirudishie."

Ndiyo maana wawili hao wakajiwekea utaratibu. Kabla sululu haijagusa udongo, Sululu huuliza, "Kimya?" Masikio akishapitisha fimbo mara ya mwisho na fimbo isilie, hujibu, "Kimya." Bila neno hilo, Sululu hachimbi hata kwa kulazimishwa. Akishalisikia hageuki tena kutazama. Anachimba.

Siku yenyewe ilianza vizuri, jua zuri, watu wamekunywa chai wameshiba. Walipelekwa kwenye uwanja wa kiwanda cha zamani cha magodoro, mahali palipotakiwa kupitishwa bomba jipya. Masikio akazunguka na fimbo yake, akapiga mishale kwenye nyaya zinazojulikana. Halafu, pembeni ya ukuta, akaona ncha ya waya mweusi imechungulia kutoka ardhini. Kwenye ramani haikuwepo.

"Hiyo ilishakufa siku nyingi," msimamizi akasema. "Achana nayo."

Lakini Masikio hakuwa mtu wa kuacha waya asiojua unakwenda wapi. Akabana sanduku kwenye ile ncha, akaanza kuita. Fimbo ikalia. Akaufuata mlio polepole hadi katikati ya uwanja, na hapo ukakatika ghafla. Haukukata kona wala kufifia, uliishia pale tu. Kioo kikaonyesha kina kinachopita urefu wa mtu mzima aliyesimama. Akapiga mshale, akaandika: *juu ya kichwa*.

Sululu akacheka. "Nani alizika waya huko chini kote? Alikuwa anatafuta maji?"

Kabla Masikio hajajibu, mvua ikashuka. Mvua ya kweli, si ya kutania. Wakakimbilia kwenye pikapu wakiwa wameloa chapachapa, wakaondoka. Alipokuwa anaoga nyumbani ndipo Masikio alipokumbuka. Sanduku lilikuwa bado limebanwa kwenye ule waya mweusi, na hakulizima.

Katika kazi yao hilo ni kosa. Fundi aliyemfundisha alikuwa mkali sana juu yake: ukimaliza kuita, zima, usiuache waya unaitwa usiku kucha. Masikio hakuwahi kuuliza kwa nini. Alidhani ni mambo ya kutunza betri. Akajifuta, akajiambia betri itaisha yenyewe, akalala.

Asubuhi betri ilikuwa imekwisha kweli. Sanduku lilikuwa baridi, taa haiwaki. Masikio akalibandua kwenye waya, akaliweka kando, kisha akawasha fimbo kwa mazoea tu, maana hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Hakuna anayeita.

Fimbo ikalia.

Ililia kwa nguvu kuliko jana. Akavua saa akaiweka pembeni, akatoa na simu mfukoni, zisije zikaivuruga fimbo, akaenda kuijaribu kwenye bomba analolijua. Fimbo ilikuwa nzima. Akarudi katikati ya uwanja. Mlio haukuwa tena penye mshale wake wa jana. Ulikuwa umesogea upande wa kulia, kuelekea kwenye kamba iliyovutwa mahali mtaro utakapopita. Akatazama kioo. Shingo.

Nyaya hazitembei. Masikio alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Akaandika neno lile, akamfuata msimamizi.

"Mvua imeosha rangi, umepotea mwenyewe," msimamizi akasema. "Mtaro uanze leo. Tumechelewa."

Masikio akarudi, akapima tena. Kifua. Sasa ulikuwa umeifikia kamba.

Woga ukamwingia, na hakuona haya kuwa nao. Akamshika Sululu bega. "Shemeji, nisikilize. Usichimbe. Usiguse chochote mpaka mimi nikwambie."

"Kuna nini?"

"Sijui. Nakwenda kwenye gari kuchukua betri mpya, nataka niwashe sanduku nilinganishe. Wewe kaa."

"Nimekaa," Sululu akasema, na kweli akakaa juu ya rundo la matofali na sululu magotini.

Pikapu ilikuwa nje ya geti. Masikio akafungua mlango, akaingiza mkono chini ya kiti, akaanza kupapasa betri. Hapo ndipo alipoisikia sululu ikigonga udongo. Mara ya kwanza akadhani amesikia vibaya. Ikagonga tena, na tena, kwa ule mwendo wa mtu asiye na wasiwasi.

Akakimbia. Betri zilimwagika njiani hakuziokota.

Mtaro ulikuwa umeshafika kiunoni. Ndani ya muda ule mfupi haikuwezekana, hata kwa Sululu, lakini ndivyo ulivyokuwa. Shemeji yake alikuwa ameinama ndani, shati limelowa jasho, anachimba bila kupumzika.

"Shemeji! Nilikwambia usichimbe!"

Sululu akainua uso. Alionekana kushangaa, kisha kukasirika kidogo. "Si nimekuuliza, ukasema kimya?"

"Sijasema kitu."

"Umesema. Ulikuwa umesimama hapa hapa nyuma yangu."

Wakatazamana. Jua lilikuwa linawaka, gari zinapita barabarani, mahali fulani mtu anapiga misumari. Masikio aliona rangi ikimtoka shemeji yake usoni.

"Toka," akanong'ona. "Toka taratibu."

Fimbo ilikuwa bado mkononi mwake, na ilikuwa inalia bila kupumua. Hakutaka kutazama kioo. Akatazama. Goti.

Sululu akainua mguu wa kulia. Ukatoka. Akainua wa kushoto.

Haukutoka.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto. "Shemeji, waya umenishika."

Masikio akatupa fimbo, akalala kifudifudi ukingoni, akamkamata makwapani. Akavuta. Mguu ulikuwa umezama hadi gotini ndani ya udongo mgumu usio na hata ufa. Akavuta tena. Sululu hakupiga kelele. Alikuwa anahema tu, kucha zake zimezama kwenye mikono ya Masikio. Ndipo kutoka chini, chini ya ule mguu, sauti ikasema. Ilikuwa imetulia. Haikuwa na haraka.

"Kimya."

Ilikuwa sauti ya Masikio mwenyewe.

Hakumbuki alivuta vipi. Anakumbuka maneno ya mkewe tu, *nirudishie, nirudishie*, yakimgonga kichwani, na bega lake kufyatuka. Kisha wote wawili wakawa wamelala chali juu ya matope. Mguu wa Sululu ulikuwa na soksi tu. Buti lilibaki huko.

Msimamizi alikuja mbio, akachungulia mtaroni. Chini palikuwa sawasawa, pamekauka, hakuna shimo, hakuna buti. Wakaleta mashine ya kuchimba ikachimba hadi jioni. Haikupata buti, wala haikupata waya.

Jioni ile niliwaona wakirudi. Sululu mguu mmoja una buti na mwingine soksi, dada yake akamkumbatia mlangoni na kumpapasa uso kama anayehakikisha ni yeye. Nikataka kutania, nikaona nyuso zao, nikarudi ndani.

Asubuhi kelele za mke wa Masikio ndizo zilizoniamsha. Nilitoka na shuka kiunoni. Barabarani, tangu mbali, mishale myekundu ilikuwa inakuja moja kwa moja hadi mtaani kwetu. Yote ilikuwa na mkia uliopinda. Kando ya mishale kulikuwa na maneno, kwa mwandiko wa Masikio. Kwenye kona ya mtaa: *shingo*. Penye duka: *kifua*. Mbele ya mlango wangu: *kiuno*. Kwenye ngazi yao: *goti*. Na kwenye kizingiti chenyewe, nilisoma kwa macho yangu: *unyayo*. Juu ya neno hilo buti la kushoto lilikuwa limesimama, limeelekea ndani. Nililishika mimi, wenyewe waliogopa. Ndani lilikuwa na joto, kama limevuliwa sasa hivi.

"Umeandika wewe?" mke akamuuliza mumewe.

Masikio akaleta kopo lake la rangi kutoka kwenye pikapu. Lile la zamani lilikwisha kule kiwandani; hili lilikuwa jipya, kifuniko hakijafunguliwa.

Walihama siku hiyo hiyo, mbali, mji mwingine kabisa. Masikio aliacha kazi. Mwenye nyumba amepaka chokaa kizingiti mara nyingi na rangi inarudi, na kila mpangaji anayekuja hamalizi mwezi. Sisi wa upande huu wa ukuta tunajua kwa nini. Mchana kweupe, nyumba ikiwa tupu, tunasikia mtu akiuliza humo ndani. Anauliza kwa upole, kwa sauti ya Sululu.

"Kimya?"

Kisha anangoja. Nimewakataza watoto wangu, nimemkataza na mke wangu, asijibu mtu. Hatujawahi kujibu.

Sululu mwenyewe alikaa muda mrefu bila kushika zana, lakini mikono yake haijui kazi nyingine. Siku ya kwanza aliyochimba huko waliko, ukingo ulimporomokea akaokolewa kwa taabu, na siku hiyo hiyo sisi huku tulikuwa tumeisikia sauti ikiuliza tangu alfajiri. Tulipoambiana habari hizo kwa simu, hakuna aliyecheka. Tangu hapo wakajiwekea utaratibu mpya. Sululu hagusi udongo mpaka dada yake anipigie. Anauliza kama nyumba imetulia. Nikimwambia imetulia, ndugu yake anachimba. Nikisikia chochote nyuma ya ukuta, nasema leo hapana, naye siku hiyo anabaki nyumbani.

Juzi alinipigia. Nilikuwa nimekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta ule. Tangu asubuhi sauti ilikuwa inauliza, inauliza, haichoki, na nilikuwa nangoja simu yake kwa hamu nimwambie asithubutu. Nikaipokea, nikaiweka sikioni.

"Jirani, habari za huko? Kuko vipi leo?" akasema.

Nikavuta pumzi nijibu. Nyuma yangu, ndani ya ukuta, mtu naye akavuta pumzi.

"Haya, nashukuru sana," yule mama akasema kwenye simu, sauti yake imejaa furaha, halafu nikamsikia akigeuka na kupaza sauti kwa mtu aliye mbali kidogo. "Chimba, ndugu yangu! Jirani kasema kimya!"

Mimi nilikuwa bado sijafungua mdomo.