Aliyesimama Kupimiwa Mwanga

Kivuli kilikuwepo. Mtu hakuwepo.

Mpiga picha aliisogeza kamera karibu na uso, akaikinga kwa kiganja dhidi ya jua changa, akatazama tena. Uzio wa chuma. Nyuma ya uzio, korongo jekundu lililopasua jangwa hadi macho yanapokoma. Na juu ya mawe, upande wa huku, kivuli kirefu cha mtu aliyesimama wima. Aliinua macho. Mawe yalikuwa matupu.

"Mke wangu, hebu njoo uone."

Mkewe alikuwa na kibanda cha chai pale pale kileleni, upande wa kulia wa kamera. Alikuja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Si chako hicho?"

"Changu kiko nyuma yangu. Jua liko mbele."

"Basi ni yule mteja wako," akasema. "Kila siku unamkaribisha, leo kaona aibu, kaja." Akarudi kwenye vikombe vyake akicheka.

Wageni wa hifadhi ile walimwita mpiga picha huyo Tabasamu, kwa sababu ya neno alilolirudia kutwa nzima. Kila asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajapanda mlima, alipima mwanga kwa kupiga picha mahali patupu. Na kwa kuwa mdomo nao huhitaji kupashwa moto, alizungumza na hewa kama anavyozungumza na watu: "Karibu. Simama hapo hapo. Inua kidevu. Rudi nyuma kidogo. Vizuri sana."

Kesho yake kivuli kilikuwepo tena. Safari hii kilikuwa kimegeuka. Pua yake ilionekana, na midomo, vikiwa vimechongoka ubavuni mwa kichwa kama vya mtu anayetazama pembeni. Kilitazama kulia. Kibandani.

Hakumwambia mkewe. Lakini mchana huo mkewe ndiye aliyemwambia.

"Maji yangu yananuka nywele zilizoungua. Nimemwaga, nimechota mengine. Yananuka vile vile."

"Labda sufuria."

"Sufuria gani ina nywele, baba?"

Basi la watalii lilikuwa limefika. Mgeni wa kwanza, bwana mnene mwenye kofia pana, alisimama penye uzio, mahali ambapo chuma kilikuwa kimelegea na bamba la onyo limening'inia. Mpiga picha aliinama kubadilisha betri, kifuniko cha lenzi amekiuma kwa meno. Aliposikia yowe la mkewe na kuinuka, yule bwana alikuwa ameegemea chuma kilicholegea, kisigino kimoja hewani, uso umejaa tabasamu la kutii. Walimvuta wawili, wakaanguka naye juu ya mawe.

"Una wazimu, kaka?" mke alimfokea. "Hukuona bamba?"

"Yeye ndiye aliyeniambia!" Mgeni alimnyooshea mpiga picha kidole. "'Rudi nyuma kidogo.' Mara tatu kaniambia!"

Mpiga picha alikitoa kifuniko mdomoni. Kilikuwa na alama za meno.

Siku iliyofuata walimleta shangazi yake mke, mwanamke mfupi aliyekuwa akitoa watu mashetani tangu ujana wake. Alifika na miwani ya jua na mkoba wa mkononi, akalalamika kuhusu kilima, akalalamika kuhusu chai, kisha akazitazama zile picha na hakulalamika tena.

"Mteja ukishampiga picha, mkwe, unamwambiaje?"

"Namwambia, tayari, asante, unaweza kwenda."

"Na huyu wa asubuhi?"

Mpiga picha aligeuka kutazama penye uzio.

"Umemwita. Umemsimamisha ukingoni, umempanga kidevu, hujampa ruhusa. Hata mimi ningekasirika."

"Mbona hana hasira, shangazi?" mke alinong'ona. "Ananitazama mimi."

Shangazi alivua miwani. "Hilo ndilo nisilolipenda. Ingia kibandani, mwanangu. Funga. Ukisikia sauti ya mumeo, usitoke mpaka mimi nigonge."

Walingoja jua la utosi, saa ambayo kila kitu hukanyaga kivuli chake. Hifadhi ilikuwa imefunga njia ya kilele kwa ajili ya uzio. Shangazi alisoma maneno yake kwa sauti ya chini, na mpiga picha akaweka jicho kwenye kamera, na upepo ukakatika, na mlio wa nzi ukakatika, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka korongoni taratibu kama maji yanavyopanda kwenye chumba kilichofungwa, ikamfika magoti, ikamfika kifua, ikamjaa puani, naye akaona ndani ya kioo kidogo mawe yakianza kuwa meusi mahali pa miguu miwili, na weusi ule ukirefuka juu ya ardhi ingawa jua halikuwa na upande wa kuurefushia, ukija kwake, ukipita miguu ya kamera, ukigusa ncha za viatu vyake, baridi, baridi ya kisima, mpaka alipobonyeza na kupiga kelele kwa pumzi yote aliyokuwa nayo: "Tayari! Asante! Unaweza kwenda!"

Upepo ukarudi.

Shangazi alijifuta jasho. "Ameenda. Nimemsikia akishuka. Fungasheni leo leo, mimi nakwenda kutafuta gari." Akaugonga mlango wa kibanda akipita.

Mpiga picha alitaka kumshukuru. Alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Hakuna kilichotoka, hata mkoromo. Alijishika koo, akageuka kumfuata shangazi aliyekwisha kupotea kwenye kona ya njia, na ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa chini, ndani ya korongo. Ilikuwa inazungumza na mkewe.

Haikumwita. Ilimsifu. Ilimwambia jinsi mikono yake inavyopendeza asubuhi, katikati ya mvuke wa chai. Ilimwambia kwamba nyumba bila yeye ni kuta tu. Ilisema polepole, kwa aibu ya mume asiyezoea, maneno ambayo mpiga picha aliyabeba moyoni miaka yote ya ndoa na kuyaona mazito kwa ulimi.

Mlango wa kibanda ulikuwa wazi.

Alikimbia. Mkewe alikuwa ameshavuka uzio, amesimama kwenye ukingo mwembamba, amempa mgongo, kichwa kimeinama kama asikilizaye mtoto aliyelala. Mpiga picha aliupenyeza mkono kati ya vyuma mpaka bega likakwama. Vidole vilifikia uzi wa aproni, pale ulipofungwa kiunoni, na kuukamata kwenye ncha.

"Mbona siku zote hukuniambia haya?" mkewe aliuliza kwa upole, akitazama chini korongoni.

Akainua mguu.

Mpiga picha alivuta. Na kadiri alivyovuta, ndivyo fundo lilivyofunguka.